Maoni Yetu: Mwenye uhuru ndiye apishe

Desemba Wapare wanarudi kwao. Mabasi ya Same na Mwanga yanajaa, kamati za harusi zinakaa vikao, na ndani ya ukoo mmoja wanakutana Walutheri na Wasabato. Mchanganyiko huo una zaidi ya miaka mia. Wasabato walianza kazi Giti mwaka 1903, wakati misheni ya Kilutheri ya Leipzig nayo ikijijenga katika milima hiyohiyo ya Upare. Ndugu wa tumbo moja wanasoma Biblia moja, lakini mmoja hagusi kitimoto, kambare wala bia, na pengine hata kahawa ya shambani kwa baba yake haonji. Mwingine anakula, anakunywa, anamshukuru Mungu na kulala usingizi.

Msimamo wetu ni huu: kwenye meza ya pamoja, mwenye uhuru ndiye apishe. Anayekula kila kitu akikosa kitimoto usiku mmoja hapungukiwi na chochote. Anayeamini kwamba Mungu amekataza, kisha akala kwa kuona haya mbele ya wakwe, amevunja dhamiri yake na anarudi nyumbani na jeraha. Mizigo hii hailingani, kwa hiyo hatuoni haki yoyote katika kuigawa nusu kwa nusu.

Paulo alilikabili jambo hili Korintho, mahali ambapo nyama ya sokoni huenda ilikwisha kupita kwenye madhabahu za miungu. Wenye elimu walidai kwamba sanamu si kitu, naye akakubaliana nao. Hata hivyo alisema yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumwangusha ndugu ambaye Kristo alimfia. Hakungoja huyo ndugu aelimike kwanza.

Basi kamati ziagize mbuzi na ng'ombe, na kama kuna kitimoto, kipikwe kwa sufuria na upawa wake, na watu waambiwe. Kumficha mgeni kilichomo kwenye mchuzi, kisha kumcheka akishameza, ni ukatili, hata kama wote mezani ni shemeji. Kibaya zaidi ni pombe. Kila ukoo una kijana aliyeacha dengelua juzijuzi, ambaye mama yake bado anamwombea kila usiku. Anayemsogezea chupa akimwambia moja tu haina neno anacheza na roho ya mtu.

Lakini kupisha kuna mpaka. Paulo huyohuyo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi, ila alikataa kumtahiri Tito, kwa kuwa hapo walikuwapo watu waliotaka kuwatia waumini utumwani. Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuitamani bia, na ambaye hatainywa hata akiona wengine wakinywa, hana haki ya kuzitawala nyumba za watu kwa madai kwamba amekwazwa. Amechukia, hajaanguka. Na anayemtangazia jirani kwamba hataokoka kwa sababu ya kikombe cha kahawa hapishwi hata kidogo. Huyo ajibiwe kwa upole, na ajibiwe siku hiyohiyo, kabla walio wachanga katika imani hawajamwamini.

Luther aliyashika yote mawili katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo: muumini hana bwana juu yake, na bado ni mtumishi wa watu wote. Walutheri wetu hukumbuka zaidi ile nusu ya kwanza. Tunawasihi waishike na ya pili. Wasabato nao, wakiheshimiwa mezani, wasigeuke wakaguzi wa majiko ya wenzao.

Wachungaji wasingoje ugomvi uzuke ukumbini. Wazungumze na kamati sasa, kabla michango haijakusanywa wala ukumbi haujalipiwa. Na kupisha kusiishie mezani: harusi yenye ndugu Wasabato iwekwe Jumapili, na kama Jumamosi haiepukiki, sherehe ianze jua likishazama. Shangazi asilazimishwe kuchagua kati ya Sabato yake na harusi ya mtoto wa kaka yake.