Kompyuta Ipimayo Umaskini Yaogopa Kosa Lipi?

Tangu Oktoba 1, 2024, Mkenya asiye na mshahara hukadiriwa mchango wake wa bima ya afya kwa kompyuta. Huulizwa kuhusu paa la nyumba yake, kuta, choo na mali aliyo nayo. Kisha mtambo hukisia pato la kaya, na asilimia 2.75 ya pato hilo ndiyo ada, isipungue shilingi 300 kwa mwezi.

Sisi wakazi wa Malindi tuna sababu ya kulitilia shaka swali hilo la paa. Huku kwetu makuti huezeka kibanda cha mvuvi wa Ngomeni, na makuti yayo hayo huezeka hoteli ya watalii. Mjane huweza kurithi nyumba ya mawe mjini na asiwe na unga wa jioni. Tena mvuvi apataye riziki nzuri wakati wa kaskazi, kusi ikivuma na bahari ikichafuka, chombo chake hulala pwani. Litaandikwa pato la msimu upi?

Watetezi wa mitambo hii husema haina tamaa. Kweli, haili hongo, na hilo si jambo dogo katika nchi yetu. Lakini kila akisiaye hukosea kwa njia mbili: kumtoza fukara kama tajiri, au kumsamehe tajiri kama fukara. Ukipunguza kosa moja, aghalabu waliongeza la pili. Lipi liogopwe zaidi, kompyuta haiamui. Huamua nia ya aliyeiagiza. Atakaye hazina ijae ataufunza mtambo kushuku. Atakaye mama mjamzito wa Ganze afike hospitalini mapema ataufunza kuamini.

Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza MYCIN, programu yenye mamia ya kanuni za kuwashauri madaktari kuhusu maambukizi ya damu. Nia yake ilikuwa mgonjwa apone. Kwa hiyo ilipendekeza dawa za kukabili kila kijidudu kilichoshukiwa kwa uzito, si kimoja tu. Na daktari alipoiuliza kwa nini, ilimwonyesha kanuni iliyoifuata.

Mvuvi wetu naye astahili heshima hiyo. Waheshimiwa wabunge wa pwani na wadai kwamba kila anayetajiwa ada aonyeshwe ni jibu lipi lililoipandisha, na awepo afisa karibu naye, Malindi au Kilifi, mwenye idhini ya kulisahihisha siku hiyo hiyo.