Mvua Si Adui wa Baiskeli Kericho

Wageni wanaozuru Kericho na Bomet huuliza swali lile lile: mtu huwezaje kupanda baiskeli mwaka mzima mahali ambapo mvua hainyamazi? Naona swali hilo limeelekezwa siko. Mvua hiyo hiyo ndiyo ifanyayo majani chai yachumwe Januari hadi Disemba, na aliyezaliwa humu huijua ratiba yake. Aghalabu asubuhi huwa kweupe. Baada ya adhuhuri mawingu hujikusanya, kisha mvua ikamwagika, mara nyingi ikiwa ya mawe. Mwenye baiskeli hupeleka maziwa alfajiri, na safari ya jioni huianza akijua fika kwamba atalowa. Mvua ya Mombasa humlowesha mtu ikamwachia joto lake. Ya Kericho, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, humtia vidole ganzi asiweze kubana breki.

Hapo kwenye breki ndipo penye kisa. Baiskeli iliyozoeleka vijijini, ile nzito nyeusi iitwayo Black Mamba, ina rimu za chuma, na chuma kikilowa, raba ya breki huteleza tu. Nilipokuwa shule ya upili nilijifunza kushuka miteremko ya Litein kwa kusugua soli ya kiatu barabarani. Jozi mbili ziliisha kwa muhula mmoja, na mama hakukubali kamwe kwamba ni masomo yaliyozimaliza. Kwenye njia za udongo mwekundu, tope hujishindilia kati ya gurudumu na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Ndiyo sababu wengi huyang'oa madigadi na kutembea na kijiti cha kukwangulia.

Hayo tumeyazoea. Tusiloweza kulitatua kwa kijiti ni barabara. Kwenye lami itokayo Kericho hadi Kaplong kupitia Litein, pana sehemu ambapo maji yameula ukingo, na mwendesha baiskeli hulazimika kuingia kati, mbele ya malori. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawagonga wachuuzi, abiria na waenda kwa miguu. Zaidi ya watu 50 walifariki. Sidai kwamba njia ya baiskeli ingalizuia maafa yale. Nasema tu kwamba sisi tulio kando ya lami hatukutengewa mahali.

Wapo watakaosema pikipiki imekwisha kushinda, hasa tangu serikali ilipoondolea pikipiki ndogo kodi mnamo 2008. Je, mchuma chai anayelipwa kwa kilo atanunua petroli kila siku? Baiskeli haimdai kitu akiisha kuinunua, ila mafuta ya mnyororo.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti barabara zake. Zile za kwenda vituo vya kununulia majani hukarabatiwa ili lori la kiwanda lipite. Haitakuwa gharama kubwa kuongeza ukanda wa changarawe wa mita moja na nusu, wenye mtaro upande wa juu. Kericho na Bomet zianze na kilomita chache, kati ya kituo kimoja na shule iliyo jirani, kabla ya mvua ndefu za Aprili.