Ndege ya Pili Isiwe Spitfire



Mzazi mmoja wa hapa Uingereza ametuletea swali ambalo huenda likawafaa wengi. Mwanawe wa miaka 14 amekwisha kuizoea ndege yake ndogo ya mafunzo, iongozwayo kwa redio, na sasa anaomba Spitfire. Je, amnunulie? Tunamjibu: bado.

Ndege ya mafunzo imeundwa ili imsaidie mwanafunzi. Bawa lake liko juu ya kiwiliwili, na ncha zake zimeinuka kidogo. Ikilala upande, mwanafunzi akaachia vijiti vya rimoti, aghalabu hujinyoosha yenyewe. Hivyo mtoto huokolewa na ndege, naye hudhani kuwa amejiokoa.

Spitfire haina huruma hiyo. Bawa lake huwa jembamba kuelekea nchani, na mfano wake mara nyingi ni mzito kwa ukubwa wa bawa, kwa hiyo hutaka mwendo mkubwa hata wakati wa kutua. Mwendo ukipungua mno katika kona ya mwisho, bawa la upande mmoja huacha kuibeba ndege, nayo hubingirika na kupiga chini. Fedha hupotea, lakini hasara kubwa zaidi ni mtoto kuvunjika moyo.

Baina ya hizo mbili iko ndege ya kati: bawa liko chini ya kiwiliwili, ni nene, na upana wake ni mmoja tangu shinani hadi nchani. Ukiilaza, hubaki imelala mpaka uinyooshe mwenyewe. Humlazimisha mtoto kuiongoza kila nukta, lakini hutua kwa upole.

Kabla ya kuinunua, mtoto na aonyeshe mambo matatu kwa ndege aliyo nayo: kuchora nane angani, kutua mahali alipopachagua, na kuirudisha kwake bila ya kuchanganya kulia na kushoto. Ndege mpya irushwe siku isiyo na upepo, mbele ya mzoefu wa klabu. Ikiwa juu, apunguze mwendo kidogo kidogo ajue inapoanza kuanguka. Ndipo ajaribu kutua.

Sheria nayo isisahauliwe. Ndege ya mfano yenye gramu 250 au zaidi hutaka mtu mzima ajisajili kwa mamlaka ya anga, CAA, na namba yake ibandikwe kwenye ndege. Mrushaji, hata akiwa mtoto, hufanya mtihani wake. Na kwa kawaida ndege isipite mita 120 kwenda juu.

Ile ya zamani isiuzwe. Huenda mtoto akaihitaji tena, na mdogo wake atajifunzia. Spitfire itangoje, mwenda pole hajikwai.

Tuonane mwezi ujao.