Goti Likichomoka, Usimlaumu Mwenzio

Mwezi huu ya wivu na simu tuyaweke pembeni, tuongelee goti. Ndiyo, goti! Kuna wenzetu ambao wakigeuka ghafla kwenye dansi, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inateleza upande wa nje na mtu anakwenda chini kwa maumivu. Ikijirudia, mpenzi anaanza: "Na wewe umezidi kujilegeza!" Jamani, hapo hakuna kujilegeza.

Hata madaktari walihangaika nalo zaidi ya miaka 100. Mwaka 1888 César Roux wa Lausanne, Uswisi, alieleza upasuaji wa kuhamishia upande wa ndani pale kano ya pia inaposhikana na mfupa wa muundi. Mwaka 1938 Emil Hauser wa Marekani akaihamishia ndani na chini zaidi. Pia ilitulia, lakini ikawa inakandamizwa mno na mfupa wa paja. Miaka ilivyopita, magoti mengi yakalika.

Tatizo? Dawa moja kwa magoti yote. Mwaka 1994 Henri Dejour na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walilinganisha picha za magoti yanayochomoka na yale mazima. Wakaona mambo manne: mfereji wa paja usio na kina, pia iliyokaa juu mno, pia iliyoinama, na kano iliyoshikana mbali mno upande wa nje. Miaka hiyohiyo ya 1990, vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba kano moja nyembamba ya upande wa ndani hufanya zaidi ya nusu ya kazi ya kuizuia pia isitoke. Goti likichomoka, kano hiyo ndiyo huchanika. Siku hizi inatengenezwa upya.

Kwa hiyo, ikimtokea mwenzio, usilivute goti kwa nguvu. Mpeleke hospitali, apigwe picha. Mara ya kwanza wengi hawahitaji kisu, labda kipande cha mfupa kiwe kimemeguka. Wanahitaji mazoezi ya kuimarisha paja na nyonga, kwa miezi siyo siku. Likirudia, muulizeni daktari swali moja kabla ya kukubali upasuaji: "Goti hili linatoka kwa sababu gani?"

Na yale mazoezi ya jioni, yafanyeni wote wawili. Penzi nalo linataka goti imara, au siyo?