Fishi yako iko wapi siku ya hatari?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Kabla ya kuingia shimoni unawasha tochi ukiwa bado nje. Hungojei giza ndipo uijaribu. Basi, fishi za dispanseri nazo tuzitunze hivyo hivyo.

Fishi zikiandikwa katika kompyuta, radi moja ya milima yetu ya Kibua yaweza kuiua. Kwa hiyo iko mashine ya akiba, inayopokea kila siku nakala ya kompyuta nzima. Kompyuta ikifa, akiba inaiamsha nakala ile ndani yake. Hiyo ndiyo kompyuta pepe: haina sanduku lake yenyewe, lakini inafungua fishi zilezile.

Wengine husema: akiba imenunuliwa, yatosha. Mimi sikubali. Kila mwezi nakala iamshwe, ikiwa imetengwa na mtandao ili isigongane na kompyuta iliyo kazini, na mganga afungue fishi moja aisome. Tena nakala nyingine ikae mji mwingine. Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya Goma. Nyumba iliyoweka mashine zote mbili pamoja ingezipoteza zote mbili.

Majeruhi aliyezimia hawezi kusema kwamba penisilini inamdhuru. Fishi ndiyo itamsemea. Kwenye mkutano wa usalama ulizeni: nakala ilijaribiwa lini? Nawe mama, kadi ya chanjo ya mtoto itunze nyumbani, pakavu.