Muhogo Mchungu, Afya ya Watoto na Fedha za Utafiti

Kahemba ni eneo la kusini-magharibi mwa Kongo, karibu na mpaka wa Angola. Huko mtoto huweza kulala mzima, akaamka asubuhi miguu imekakamaa. Hakuanguka wala hakuugua homa. Tangu siku hiyo hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, au hatembei kabisa pasipo fimbo, na hali hiyo haiponi. Wayaka huuita ugonjwa huo konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938.

Chanzo chake kimo jikoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukilowekwa siku tatu au nne, kisha ukaanikwa na kutwangwa, sumu karibu yote huondoka. Lakini ukija ukame au vita, au wachuuzi wakingoja magunia barabarani, siku hizo hupunguzwa kuwa moja. Nani atamlaumu mama mwenye watoto wenye njaa? Sumu inayosalia mwili huweza kuipunguza makali ukipata nyama au samaki, vitu ambavyo nyumba hizo huvikosa. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Wala si Kongo peke yake: ugonjwa huo uliingia Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa madhara yake huishia miguuni. Daktari Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha afya na sayansi cha Oregon, Marekani, alishirikiana na wenzake wa Kinshasa na Profesa Michael Boivin wa Michigan kuwapima watoto wa Kahemba kumbukumbu na uwezo wa kujifunza. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalistusha: hata watoto wa huko ambao miguu yao ilikuwa mizima walikuwa nyuma ya watoto wa mahali pasipo na konzo. Yaani sumu hugusa ubongo kabla jirani hajaona dalili yoyote.

Kazi hiyo ililipiwa na Taasisi za Afya za Taifa za Marekani, NIH. Mwaka 2003 kituo chao cha Fogarty kilianzisha mpango wa ruzuku za magonjwa ya ubongo katika nchi zenye kipato kidogo, ambamo chuo cha Marekani hushirikiana na taasisi ya nchi husika. Utaratibu huo ni mwema, maana swali hutoka kwa watu wanaoishi na ugonjwa. Ubaya wake ni kwamba mfuko huwa wa mwingine. Mwezi Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha ruzuku mpya zenye mgawo kwa taasisi za nje, mpaka utaratibu mwingine utakapowekwa.

Hata hivyo si kila faida ya utafiti hudai fedha nyingi. Howard Bradbury wa Canberra, Australia, alibuni njia ambayo mama yeyote aweza kuifuata. Unga wa muhogo hutiwa bakulini na kimo chake kikatiwa alama. Huongezwa maji, ukikorogwa, hadi unga ulioloa urudi penye alama. Kisha hutandazwa mkekani, unene usiozidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au tano kivulini, gesi ya sumu ipae. Husongwa ugali siku hiyo hiyo. Mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, Kongo, walifundishwa njia hiyo kwa msaada wa Serikali ya Australia, na katika muda waliofuatiliwa hakupatikana mgonjwa mpya.

Lakini mwalimu wa kwenda kijiji cha pili naye ahitaji nauli na mshahara. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika uliazimia kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Nchi nyingi bado hazijafika hapo.