Mama mwenye mimba na mwenye duka

Pengine unafikiri kwamba ulinzi wa mama mfanyakazi ni jambo la kampuni kubwa tu, kama ile inayochimba kasiterite kule Bisie, Walikale. Sivyo. Tazama ni nani wanaoajiri wanawake kwetu: mwenye nyumba ya chakula ya Sake au Mubi, mwenye duka la dawa, mwenye mashini ya unga, mwenye shamba la ng'ombe wa Masisi anayetengeneza jibini. Ana watumishi wawili au watatu, wala hakuna karatasi ya mapatano. Mwanamke akishika mimba anaambiwa, “Nenda nyumbani, tutaona baadaye.” Akirudi anamkuta msichana mwingine mahali pake.

Kwa hiyo wengi huficha mimba. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Mama anakaza kitambaa tumboni, anaendelea kubeba mifuko, haendi kwenye kipimo kwa sababu anaogopa kuomba ruhusa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri mama aonekane mara 8 kabla ya kuzaa. Huyu anakuja mara moja, au haji kabisa. Malaria yake, upungufu wa damu, kupanda kwa damu, hakuna anayeviona mapema. Na njia zetu mnazijua, zikiwa na matope au zimefungwa na vita: anafika lopitali amechelewa.

Baada ya kuzaa ni vilevile. Siku ya kumi amekwisha kurudi kazini, hata aliyepasuliwa, naye anainua sufuria kubwa. Mtoto amebaki na dada yake mdogo, anapewa maji na uji mwepesi. Lakini mtoto wa chini ya miezi 6 ataka maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Kuhara kwingi kunaanzia katika kikombe kile.

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama majuma 14 ya kupumzika: 6 kabla ya kuzaa na 8 baadaye. Katika kila franga 3 za mshahara wake, anapata 2. Mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza wakati huo. Tena imeandikwa kwamba haki hii ni yake, mtoto akiwa hai au amekufa. Nalisifu sana neno hili, maana mwili wa mama aliyefiwa unahitaji kupona kama mwili wa mwingine. Akirudi na kunyonyesha, ana nusu saa mara mbili kila siku, nayo inahesabiwa kuwa kazi. Sheria haiulizi duka ni kubwa au dogo. Na kukosa karatasi hakumwondolei mama haki yake.

Mwenye duka atajibu, “Nilipe watu wawili kwa kazi moja? Duka litakufa.” Sitamcheka, kwa kuwa asema kweli. Ndiyo maana sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka malipo ya uzazi katika mfuko wa watu wote, ambao leo ni CNSS. Lakini asiyeandikisha watumishi wake hapati kitu huko. Tena Goma ilipotwaliwa na M23, Januari 2025, mabenki yalifungwa, na mwenye kungojea fedha za mbali aweza kungoja sana. Mimi naona wenye maduka ya soko moja waanze wenyewe. Likelemba mnaijua. Kila juma kila mmoja aweke kidogo kwa ajili ya mtumishi atakayezaa, awe wa nani. Mzigo unaomwangusha mmoja, kumi wataubeba.

Na mengine hayana bei: kiti cha kukalia, mtu mwingine wa kubeba magunia, pembe safi ya kunyonyeshea. Wewe mama, omba karatasi ya mimba kwenye kituo cha afya mapema, umpe mwajiri wako, nawe ubaki na nakala.